Mwalimu wa Litricha na Mchimbaji Asiye na Jina

Mwalimu wa Litricha hakuwahi kupita dukani kwangu bila kunikosoa. Bango la nje liliandikwa kwa Kiingereza na fundi rangi mmoja wa hapa Kahama, ambaye naamini alikuwa anakisia, na kila Mwalimu alipofika alisimama chini yake, mkono kiunoni, akasikitika kwa sauti hadi wateja wakageuka. Nilimweleza mara nyingi kwamba watu wanakuja kwangu kutoa kopi na kununua madaftari, hakuna anayekuja kusoma bango. Alinijibu kwamba ndivyo nchi zinavyoharibika. Kisha aliingia, akavuta kiti cha plastiki, akatoa kwenye mkoba furushi la karatasi nilizomchapia wiki iliyopita, zote zimechorwachorwa kwa wino mwekundu, akasema kuna mabadiliko madogo. Hayo mabadiliko madogo yamenilia ujana wangu.

Alinifundisha mimi na kaka yangu Mabula katika sekondari moja ya upande wa Bugarama. Litricha ndivyo tulivyoliita somo lake, na yeye tukamwita hivyo hivyo. Alifundisha riwaya na tamthilia za Kiingereza zilizoandikwa na watu waliowahi kutawaliwa: Waafrika wenzetu, Wahindi, watu wa visiwa ambavyo hatukuvijua hata kwenye ramani. Aliwapenda waandishi hao kuliko mtu anavyopenda wajomba zake. Alisema Mwingereza alituletea lugha yake kama anayeingiza ng'ombe wake kwenye malisho ya wengine, na hawa jamaa wakamkamata yule ng'ombe, wakamfuga, na sasa anatoa maziwa ya kwetu. Tulimwelewa upesi, kwa sababu ng'ombe tulikuwa tunawajua. Kiingereza chenyewe ndicho kilichotushinda.

Shule ilikuwa na nakala moja moja ya kila kitabu, na sisi tulijaa darasa hadi dirishani. Mwalimu akabuni njia yake. Alichukua wembe akakikata kitabu vipande vipande, sura mbilimbili, akavishona kwa uzi wa magunia ya pamba, akatugawia. Kila mmoja alisoma kipande chake, halafu anawasimulia wenzake. Mimi nilipewa mwanzo wa riwaya moja ya Afrika Magharibi, na mpaka leo ukiniuliza habari za yule kijana nitakwambia ndiyo kwanza anapanda basi kwenda mjini. Mabula alipewa katikati. Kuna msichana alipewa mwisho, akawa anatembea shuleni kwa maringo kwa sababu yeye peke yake alijua nani anakufa.

Tatizo ni kwamba wengi hatukuweza kusoma hata hivyo vipande. Nyumbani ni Kisukuma, shule ya msingi umefundishwa kwa Kiswahili, ghafla kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka. Basi Mwalimu alisoma ukurasa kwa Kiingereza, akatutazama, akaona macho makavu, akafunga kitabu na kuanza kusimulia. Hapo ndipo utamu ulipoanza. Alikuwa mtu wa Kishapu, na kwa namna ambayo sijui kama aliikusudia, kila kitu alikihamishia kwao. Mkuu wa wilaya Mzungu aliingia Mhunze na gari lake siku ya mnada. Mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe wa Kisukuma. Ukame ulikuwa ule ule wa Kishapu, na mashamba yalikuwa ya pamba. Alianza kwa Kiswahili, akapandisha mori akahamia Kisukuma, na darasa zima lilinyamaza.

Nilimsikia pia mnadani, jirani na shule, akiwasimulia wafugaji vitabu hivyo hivyo huku wakisubiri kuuza mbuzi. Siku moja aliwasimulia habari za mzee aliyefia gerezani enzi za mkoloni, hana ndugu wa kumzika. Mnada uliofuata kina mama walimletea unga na maharage kwa ajili ya msiba wa yule mzee. Walisema mtu wa Kishapu ni mtu wao, haiwezekani afe wasijitokeze. Mwalimu alijaribu kuwaeleza kwamba yule mzee ni wa kitabuni, tena wa nchi ya mbali. Wakamwambia yote sawa, lakini wamekwishauleta. Unga ukapikwa shuleni, tukala ugali wa msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mwalimu siku ile, akila taratibu, nikadhani ameelewa kitu. Kumbe wapi.

Maana huyo huyo ndiye aliyetundika kipande cha mbao darasani. Ukisema Kisukuma au Kiswahili ndani ya kipindi chake, unavalishwa mbao shingoni mpaka mwingine akosee; masimulizi yake tu ndiyo hayakuhesabiwa. Alitufundisha mashairi ya watu wanaolia kwamba walivalishwa vitu kama hivyo na wamisionari, anatufafanulia fedheha yao kwa uchungu hasa, na huku mmoja wetu amekaa dawati la mbele na mbao kifuani. Mabula alinyanyua mkono akamuuliza basi tofauti iko wapi kati yake na wale wamisionari. Mwalimu alifikiri, akasema swali ni zuri, ila ameliuliza kwa Kiswahili, aende akaichukue mbao. Lakini alikuwa na haki kwa namna yake. Yeye mwenyewe akikasirika na kuporomosha Kisukuma, aliifuata ile mbao, akajivika, akaendelea kufundisha nayo mpaka kengele. Kuna wiki aliivaa kuliko sisi wote.

Mabula ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Mimi nilipita somo lile kwa kukariri, lakini kaka yangu aliliingia moyo wote. Alipochunga mbuzi wa nyumbani alikuwa akiwasomea kile kipande chake. Siku ya mtihani wa kidato cha nne alitoka chumbani amechangamka, tukamzunguka. Akatuambia amejaza karatasi mpaka ameomba za ziada. Ameeleza jinsi mkuu wa wilaya alivyoingia mnadani Mhunze, jinsi mama wa yule kijana wa kitabuni alivyouza pamba ili mwanawe asome, kila kitu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilimwona akikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa. Mabula alikuwa ameandika riwaya ya Mwalimu, siyo ya mwandishi. Na hakuwa peke yake, nusu ya darasa walikuwa wameipeleka Afrika Magharibi yote Kishapu.

Sisemi kwamba karatasi ile ndiyo iliyomuua kaka yangu. Alifeli na masomo mengine, na vijana waliofaulu pia wamekwenda machimboni. Nasema tu kilichotokea. Alikwenda upande wa Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akawa anashuka kwenye duara, yale mashimo yao marefu yanayoegemezwa kwa magogo. Alikuwa akirudi nyumbani na udongo mpaka kwenye nyusi, amemletea Mama sukari na khanga. Msimu mmoja mvua zilinyesha mfululizo, udongo ukashuka wakiwa chini. Tulimzika nyumbani. Mama yangu aliitwa Mama Mabula kabla ya hapo na anaitwa Mama Mabula hadi leo, kwa hiyo kila anayemsalimia anamtaja marehemu.

Baada ya mazishi Mwalimu alikaa mbali na watu, kisha akamfuata Mama akamwambia ataandika kitabu juu ya mwanawe. Mama hakujua kitabu cha namna hiyo ni nini hasa, ila alielewa kwamba Mabula atasemwa. Akamshukuru, wabeja sana, akampa kuku. Kuanzia siku hiyo Mama alianza kungoja, na mimi nikaanza kuchapa, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua duka na Mwalimu hakuamini mtu mwingine.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Si cha mchezo, cha Kiingereza kirefu, sentensi inaanza asubuhi inamalizika alasiri. Nilimuuliza Mwalimu, Mama Mabula atakisomaje? Akasema kitabu hakiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Waliotuandika vibaya walituandika kwa Kiingereza, kwa hiyo ni lazima wajibiwe kwa Kiingereza, pale pale watakaposikia. Hoja hiyo ina nguvu zake, sikatai, na alipoitoa alipendeza. Nikamwambia basi wao wamekaa wanasubiri jibu kutoka Kahama? Alikasirika, akaificha hasira yake, akaniambia tatizo langu nimezoea kuuza bahasha.

Tuligombana hivyo mwaka hadi mwaka. Mimi nilimwambia aandike kama anavyosimulia mnadani. Yeye alisema mnadani ni porojo, kitabu ni muundo. Nikimwambia ajaribu hata Kiswahili, alisema Kiswahili nacho si chake, amekipata shuleni kama alivyopata Kiingereza, sasa kama ni kuazima si bora aazime kile kinachosafiri mbali? Na Kisukuma? Hapo akauliza nani atakisoma. Kila alichosema kilikuwa na ukweli kidogo, ndicho kilichoniudhi. Ukigombana na mtu mjinga unapumzika, lakini huyu alikuwa anajua anachosema, ila hakujua anachokifanya.

Wachapishaji wa Dar es Salaam walimpigia simu akiwa hapa hapa dukani. Walikuwa wastaarabu. Walimwambia riwaya za Kiingereza hazinunuliwi kama haziko kwenye orodha ya shule, wakamuuliza kama anaweza kuiandika upya kwa Kiswahili, fupi, kwa vijana. Aliwaaga kwa heshima zote. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka nilipotaka kufunga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi naona ni kitabu cha watoto. Nilimhurumia. Nikamwambia siyo. Akatoa kalamu nyekundu.

Na kadiri alivyorekebisha ndivyo Mabula alivyozidi kupotea. Kwenye rasimu ya kwanza alikuwa na jina, na mbuzi, na dada mkorofi ambaye nilimtambua mara moja. Rasimu iliyofuata jina liliondoka. Mbuzi wakafuata. Nikaondoka na mimi. Mwisho akabaki mchimbaji, mchimbaji tu, anashuka gizani kurasa na kurasa, na Mwalimu akanieleza kwamba mchimbaji ndiye bara zima, na shimo ni historia. Nilichapa. Nilikuwa nachapa huku nimeuma meno.

Lakini nisimfanye mtu wa vituko tu. Watoto wa shule waliokosa ada ya mtihani walimfuata yeye. Vitabu vyake vilikaa kwenye sanduku la bati, vinanuka nondo na vumbi la kila aina, na hakumwazima mtu hata mara moja, ila ungeweza kwenda kwake ukasoma barazani siku nzima, na saa saba mkewe angekuletea viazi na maziwa ya mgando kama mtoto wa nyumba. Alimsahihisha padri. Alimsahihisha mkuu wa mkoa kwenye mahafali, hadharani, tukataka ardhi itumeze. Alipostaafu akarudi kwao Mhunze, nilikaa dukani nikasikia kimya, nikagundua kwamba nilimzoea kuliko nilivyojua.

Mama hakuacha kuuliza. Kila akirudi kanisani aliniuliza kile kitabu cha Mabula kimefika wapi, na mimi nilimjibu kwa maneno ya Mwalimu, kwamba bado. Nilijitolea kumsomea zile karatasi mimi mwenyewe, nikizigeuza kwa Kisukuma. Mwalimu alikataa kata kata, akasema haijakamilika, nitamharibia. Mwaka jana miguu ya Mama ilianza kuvimba, na macho yakaingia ukungu. Akaniambia, kwa upole tu, kwamba anataka kusikia kabla hajaondoka. Nilifunga duka. Tukapanda basi hadi Shinyanga, kisha gari la Maganzo, tukaipita Mwadui, tukashika barabara ya Mhunze, Mama amekaa dirishani na kuku miguuni, maana hakukubali kwenda mikono mitupu.

Mwalimu alikuwa amekonda. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika bega, halafu akamsalimia Mama kwa ile salamu ndefu ya Kisukuma inayouliza mpaka mifugo. Tukakaa uani. Mama hakuzunguka. Alimwambia amekuja kumsikiliza mwanawe.

Mwalimu aliingia ndani akatoka na furushi lake. Nilidhani atasimulia. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa Kiingereza, kwa sauti yake ile nzuri ya darasani. Mama alikaa wima, mikono mapajani, anamtazama mdomo. Alisikiliza ukurasa wa kwanza na wa pili kwa adabu kama anavyosikiliza misa. Nilijua anachosubiri. Alikuwa anasubiri jina.

Mwishowe akanyoosha mkono akaugusa ule ukurasa. Akamuuliza kwa Kisukuma, "Mwalimu, humu Mabula ni yupi?"

Mwalimu akamwonyesha kwa kidole mstari mmoja. Akasema huyu mchimbaji ndiye.

"Hana jina?"

Akaanza kumweleza. Alimweleza vizuri, taratibu, kwamba vitabu vikubwa ndivyo vinavyofanya, kwamba akimwacha bila jina anakuwa vijana wote waliofia chini, hapa na kwingine, na kila mama atamwona wa kwake. Mama alimwacha amalize.

"Hao wote wana mama zao," akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya wangu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na karatasi zikabaki magotini. Niliona anataka kugeuza sentensi zake kwa Kisukuma. Alianza ya kwanza, akakwama. Akaanza nyingine, ikakataa katikati. Mtu aliyewahi kuuzuia mnada mzima usiuze mbuzi alikuwa anatafuta neno la shimo. Nilitazama pembeni, sikuweza kumwona hivyo.

Kisha akaziweka karatasi chini, juu yake akaweka jiwe zisipeperuke, akasogeza kigoda karibu na Mama. Akamwambia kuna siku alimfuata Mabula kule machimboni, upande wa Geita. Alikwenda kumbembeleza arudie mtihani. Alifika jioni jua halijazama, akakuta vijana wamekaa kwenye vifusi, na katikati amesimama Mabula na udongo wake, anasimulia. Anasimulia kile kitabu. Mkuu wa wilaya anaingia Mhunze, na vijana wamesahau hata kunawa. Pale ambapo kipande chake kiliishia, Mabula alijitungia mwenyewe, akamrudisha nyumbani mwana wa yule mama wa kitabuni. Wakapiga makofi. Kule hawakumwita kwa jina, walimwita Mwalimu. Na yeye mwalimu wa kweli alisimama nyuma ya mwamba hakujionyesha, akaondoka bila kusema alichojia, kwa sababu alikuwa amesikia inasimuliwa vizuri kuliko anavyoisimulia yeye. Aliusema huo usimulizi wote kwa Kisukuma. Aliigiza jinsi Mabula alivyokuwa akikunja mkono, jinsi alivyotembea kama Mzungu aliyevaa viatu vinavyobana. Mama alicheka mpaka akajifuta na khanga. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika. Mimi mwenyewe nililia, sioni sababu ya kuficha.

Nilitoa simu ili nirekodi. Mwalimu akanitazama, akanyamaza kabisa, mpaka nilipoirudisha kwenye mkoba.

Tulipoaga nilimvuta pembeni, karibu na zizi. Nikamwomba, na si kawaida yangu kuomba. Nikamwambia aandike hivyo hivyo, kama alivyomwambia Mama, kwa Kisukuma hicho hicho, nitachapa bure hata mara mia. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema yale ni mazungumzo, Kabula, hayana muundo. Akasema ila yamempa wazo la sura ya tatu, kuna mabadiliko madogo. Nilitaka kumpiga. Nilimshukuru, nikaenda kumshika Mama mkono.

Garini Mama alikuwa anatabasamu peke yake. Mimi nilikuwa natazama mapaja yangu, nakumbuka kila ukurasa niliouchapa, toka wa kwanza mpaka wa mwisho, nikitafuta kama kuna mahali vijana wamekaa kwenye vifusi wanasikiliza. Hapakuwa na mahali. Hapakuwa hata na mstari mmoja.

Tulipokaribia Maganzo Mama akanigusa.

"Na zile karatasi," akaniuliza, "zinasema hivyo hivyo alivyotusimulia?"

"Zinasema hivyo hivyo, Mama."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akasema basi, ameshakisikia kitabu cha mwanawe, sasa watu wengine nao wakisome.